Jinsi ya Kuvuna Matunda ya Bustanini Msimu wa Joto Unapoisha

Habari zenu watazamaji, karibuni bustanini. Joto linaelekea kupungua, matawi yameelemewa, na leo tunavuna. Kabla hamjagusa tunda lolote, jiulizeni: likishatoka mtini, litaendelea kuiva au litabaki lilivyo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua siku ya kulichuma. Embe, parachichi na pera huendelea kuiva nyumbani. Zabibu, komamanga na chungwa haziongezi utamu hata mkizivundika wiki nzima. Tini nalo litieni kundi hilo la pili, maana likichumwa changa halipati ladha yake.

Andaeni mkasi wa kupogolea uliosafishwa, upembo wenye mfuko, glavu, na kreti pana iliyotandikwa kitambaa. Ndoo ndefu iacheni, matunda ya chini hupondeka. Ngojeni umande ukauke, kisha anzeni kabla jua halijawa kali.

Tuanze na embe. Rangi ya ganda isiwadanganye, kwani kuna aina zinazobaki kijani hata zikiiva. Angalieni hapa juu, karibu na kikonyo. Embe changa mabega yake yameteremka. Lililokomaa mabega yamejaa na kupanda, mpaka kikonyo kinaonekana kama kimezama. Mkiwa bado na wasiwasi, chumeni moja mlipasue. Nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa imeanza kuwa ya njano, mengine ya umbo lile yako tayari.

Sasa kateni, mkiacha kikonyo chenye urefu wa kidole. Msilinyofoe! Kikonyo kikikatika pale kwenye tunda, utomvu huruka, ukaacha madoa meusi kwenye ganda na kuunguza ngozi ya mchumaji. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake huwatoa baadhi ya watu vipele vibaya. Yapelekeni maembe kivulini, ndipo mpunguze vikonyo na kuyapindua juu ya wavu, vichwa chini, hadi utomvu uache kutiririka. Mkishamaliza, yaosheni. Ni hatua inayorukwa na wengi, na mimi naiona ndiyo inayolinda embe lisioze mapema.

Parachichi halilainiki likiwa mtini, kwa hiyo msikae mkilibonyeza kila siku. Chumeni moja kubwa, liwekeni mezani. Likilainika vizuri ndani ya wiki moja au siku kumi, endeleeni na mengine makubwa kama hilo. Likinyauka na kuwa kama mpira, mti bado unahitaji muda. Hapa pia acheni kipande kifupi cha kikonyo, kwa sababu kidonda kikibaki wazi ukungu huingilia hapo. Mkitaka yaive haraka, yafungeni kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi huyaivisha.

Tini lisubirini mpaka shingo ilegee, tunda liiname na kuwa laini. Vaeni glavu na shati la mikono mirefu: utomvu wake mweupe ukigusa ngozi kisha jua likapiga, mtaungua. Lileni au likausheni mapema, halikai.

Komamanga likateni kwa mkasi ubavu wake unapoanza kuwa na pembe badala ya kuwa duara kamili. Pasheni ni rahisi zaidi: okoteni zilizoanguka zenyewe, kila siku. Ganda likikunjamana, ndani ni tamu zaidi.

Maembe mabichi msiyatie kwenye friji, baridi huyaharibu yasiive sawasawa. Yakishaiva, ruksa.

Kazi haijaisha, tazameni chini ya miti. Mapera na maembe yaliyooza hapa yamebeba mabuu ya nzi wa matunda. Mkiyaacha, mabuu huingia ardhini, hutoka nzi wapya, na matunda yaliyobaki mtini hutobolewa. Yakusanyeni yote kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfunge mdomo kabisa, muuache kwenye jua kali kwa wiki kadhaa. Mabuu yakishakufa, yaliyomo yatieni kwenye shimo la mboji.