Bab Zuweila: Lango Lililojikuta Katikati ya Mji

JUMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Niko na dada Rehema, na leo tunaingia Cairo ya kale kwa miguu, kupitia Bab Zuweila. Dada, tuanze na umri wake.

REHEMA: Lilijengwa mwaka 1092, zama za Wafatimi, nasaba ya Kishia iliyotawala Misri wakati huo. Aliyeamuru ni Badr al-Jamali, waziri na amiri jeshi mwenye asili ya Armenia. Ukuta wa kwanza wa Cairo ulikuwa wa matofali ya udongo. Yeye akaleta mawe. Bab al-Futuh na Bab al-Nasr, upande wa kaskazini, aliyajenga miaka mitano kabla. Malango makubwa ya Wafatimi yaliyosalia ni hayo matatu.

JUMA: Basi hapo ndipo adui alipozuiwa.

REHEMA: Wageni wengi huliangalia hivyo, kaka Juma, kwa sababu ya ile minara miwili mizito ya mviringo. Lakini ukigeuka tu, ng'ambo ya njia, unauona msikiti wa al-Salih Tala'i. Ulijengwa mwaka 1160, nje ya lango. Mtu hajengi msikiti mahali anapotarajia vita. Mji ulikuwa umekwisha kufurika nje ya ukuta. Mwaka 1176 Salah al-Din, aliyetawala Misri baada ya Wafatimi, akaanza ukuta mpya, mkubwa zaidi, na Bab Zuweila likabaki ndani, katikati ya watu. Kwa maoni yangu, lilipokosa kazi ya ulinzi ndipo lilipopata uzito wake. Kila mtu alipita hapo.

JUMA: Na penye watu wengi ndipo watawala hutundika maonyo yao.

REHEMA: Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1260 wajumbe wa Hulagu, mtawala wa Wamongolia, walifika kumtaka Qutuz, sultani wa Misri, asalimu amri. Qutuz akawaua, vichwa vyao vikatundikwa langoni. Mji mzima ukajua kwamba hakuna tena kurudi nyuma. Septemba mwaka huohuo jeshi lake likawashinda Wamongolia huko Ain Jalut, Palestina.

JUMA: Na Tuman Bay?

REHEMA: Huyo siwezi kupita pale nisimkumbuke. Ndiye sultani wa mwisho wa Wamamluk, askari wenye asili ya utumwa waliokuja kuitawala Misri. Selim wa Kwanza, sultani wa dola ya Kituruki ya Uthmania, alipoiteka Cairo mwaka 1517, Tuman Bay aliletwa hapo kunyongwa. Ibn Iyas, mwanahistoria aliyeishi Cairo wakati huohuo, anasimulia kwamba aliwaomba watu wamsomee Fatiha mara tatu, akaisoma pamoja nao. Kamba ikakatika mara mbili. Watu wakapiga mayowe ya huzuni. Sasa simama chini ya tao lile, pikipiki zinakupita, mtu anapita na trei ya mikate kichwani, nawe unajua kwamba ni hapahapa. Waongozaji wengi huwaharakisha wageni wapande juu wakapige picha. Inaniuma sana. Kaa kwanza pale chini.

JUMA: Lakini juu napo pana kitu. Ile minara miwili myembamba inayoonekana katika kila picha, nayo ni ya Wafatimi?

REHEMA: Hapana, hiyo ni ya karne ya 15. Al-Mu'ayyad Shaykh, kabla ya kuwa sultani, alifungwa katika gereza lililokuwa kando ya lango. Chawa na viroboto vilimtesa humo. Akaweka nadhiri: akitawala, atalibomoa gereza na kujenga mahali pa ibada. Akatawala, akajenga msikiti kuanzia mwaka 1415, na minara yake akaisimamisha juu ya minara ya lango.

JUMA: Yaani ngome ya Wafatimi inabeba adhana ya msikiti wa Mmamluk!

REHEMA: Tena fundi wake, Muhammad ibn al-Qazzaz, ameacha jina lake limechongwa hapo. Nalipenda jambo hilo. Mafundi wengi wa zama zile hatuwajui.

JUMA: Nimesikia watu walikuja hapo kutafuta tiba pia.

REHEMA: Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Cairo karne ya 19, aliliandika hilo. Watu waliamini kwamba walii mmoja huwa nyuma ya ubao wa lango. Mwenye kuumwa kichwa alipigilia msumari mlangoni. Mwenye kuumwa jino aling'oa jino lake akalichomeka kwenye ufa. Palepale wakosaji waliponyongwa, wagonjwa wakaja kuomba nafuu.

JUMA: Msikilizaji akitaka kwenda, aanzie wapi?

REHEMA: Aanzie kusini, apite mtaa wenye paa wa Khayamiyya, kwa mafundi wanaoshona vitambaa vya mahema kwa mkono. Hapo atalikabili lango kwa mbele, kama msafiri wa zamani. Kabla ya kuingia, atazame maduka ya chini ya msikiti wa al-Salih Tala'i: yalijengwa usawa wa barabara, sasa yako chini kabisa, maana ardhi ya mtaa imepanda karne hadi karne. Halafu akate tikiti, apande. Ngazi za minara ya adhana ni nyembamba na zina giza, asikimbilie.

JUMA: Na akishashuka?

REHEMA: Aifuate barabara ya al-Mu'izz kwenda kaskazini mpaka Bab al-Futuh. Huo ndio urefu wa mji wa Wafatimi, na unatembeka kwa miguu.