Jicho Halitaki Vingi: Mhadhara kwa Kina Mama wa Saluni na Wakaangaji Samaki, Kisumu

Mama mwenyekiti, kina mama, dada zangu wa saluni, na nyinyi vijana wawili wa boda boda mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie krimu bora za macho. Nitafika huko, ila nitawachelewesha kidogo. Kliniki ya ngozi imenionyesha kwamba wengi wanaokuja wakiwa wameharibika kuzunguka macho hawakukosa krimu. Walikuwa nazo nyingi mno.

Gusa kope yako taratibu. Ngozi hiyo ina unene wa karibu nusu milimita, na ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Haina mto wa mafuta chini yake kama shavu, na tezi zake za mafuta ni chache, kwa hiyo hukauka upesi. Wala haipumziki: mtu hupepesa macho kama mara 15 hadi 20 kwa dakika. Kwa wembamba huo, chochote unachoipaka hupenya haraka. Hilo la kupenya ndilo nataka mlishike.

Mnazijua zile tyubu ambazo mtu huziomba kemisti kwa jina, bila karatasi ya daktari. Betamethasoni. Klobetasoli. Hizo ni steroidi, na kuna wanaozichanganya kimyakimya ndani ya mikebe ya mafuta ya kung'arisha uso. Mwanzoni ni sherehe: mwasho unaisha, weusi unafifia, jirani anakuuliza siri yako. Miezi ikipita ngozi inakonda hadi mishipa inaonekana, vipele vinazunguka macho na mdomo, na ukijaribu kuacha, uso unawaka moto. Unarudia tyubu. Hapo umeshafungwa.

Mimi vipele havinitishi, vina dawa. Kinachonitisha ni kwamba steroidi ikipakwa kwenye kope kwa muda mrefu inaweza kufika ndani ya jicho na kupandisha presha yake. Mara nyingi presha hiyo haiumi. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho polepole kuanzia pembeni, na mwenyewe hagundui mpaka aanze kugongana na watu pale Kibuye sokoni. Hiyo ndiyo glakoma, na kuona kulikopotea hivyo hakurudi. Steroidi hizo hizo huweza kuleta mtoto wa jicho. Daktari akikuandikia ya nguvu ndogo, kwa siku chache, akikufuatilia, hilo ni jambo jingine. Mimi nasema na wewe unayejiandikia mwenyewe.

Haidrokwinoni na zebaki, ambazo nazo huwekwa kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku na KEBS, shirika la viwango la Kenya, katika vipodozi, na bado tunaziona. Zebaki huumiza figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huweza kuiachia ngozi yetu mabaka ya samawati iliyokoza, meusi kuliko yale uliyokuwa ukiyakimbia.

Naona mama mmoja anasema na mwenzake, "Na sisi wa moshi?" Nakuja kwenu. Nyinyi mnaokaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aliyetolewa minofu, kule Obunga, macho yanawasha kutwa, na mkono unakwenda wenyewe. Unafikicha kwa kiganja, kwa leso, kwa aproni yenye mafuta. Ngozi nyeusi ikisuguliwa mara kwa mara hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi, kwa hiyo ule weusi chini ya macho unaotaka kununulia krimu pengine unautengeneza mwenyewe kila siku. Geuza jiko upepo uchukue moshi mbali na wewe. Uwe na kitambaa safi chako peke yako na maji baridi. Jicho likiwasha, lifunge, weka kitambaa juu yake, ngoja. Mtoto anayefikicha macho kila wakati apelekwe kliniki ya macho, maana mzio wa macho unatibika, na kufikicha kwa miaka kunaweza kuharibu umbo la kioo cha mbele cha jicho.

Si weusi wote unatokana na mkono, lakini. Mwingine ni wa ukoo: mama anao, nyanya alikuwa nao. Mwingine ni kivuli tu cha shimo lililo chini ya jicho. Simama mbele ya kioo, mtu akumulike kwa taa kutoka mbele. Weusi ukipotea, kilikuwa kivuli, na hakuna krimu inayofuta kivuli. Vifuko vya chini ya macho kwa watu wazima navyo mara nyingi ni mafuta ya ndani yaliyosogea mbele. Muuzaji atakuahidi. Hela ni zako.

Jua nitalipitia haraka. Ikweta ile pale Maseno, ziwa linarudisha mwanga usoni, na sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Mawingu hayatukingi sana. Kofia pana kwanza, kisha miwani yenye alama ya UV400, inayozuia miale mikali ya jua. Krimu ya jua iwe SPF 30 kwenda juu. Karibu na macho, ile krimu yenye zinki haichomi sana, ingawa inatuacha weupe kama tumejipaka unga. Wenye ualbino nchini hupata krimu hizo bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwambie jirani yako, wengi hawajui.

Dada wa saluni, gundi ya kope za bandia ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio la mteja, siku moja kabla. Mwenye chokea au jicho jekundu arudi nyumbani, hata akikulilia ana harusi. Gundi ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi, msivute, mkimbilie hospitali. Wanja usiojulikana umetoka wapi unaweza kuwa na risasi, ile sumu ya madini; msiwapake watoto.

Sasa krimu, nilivyoahidi. Kwa wengi wenu, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo mno, usiku, kwa kidole cha pete kwa sababu hakina nguvu nyingi, yanatosha. Pakeni juu ya mfupa, si kwenye ukingo wa kope. Anayetaka retinoli, ile ya vitamini A ya kupunguza mikunjo, atumie ya nguvu ndogo mara mbili kwa wiki, na mjamzito asiiguse kabisa.

Mama wa leso ya manjano ameuliza kuhusu mtoto wake wa miaka minne, ambaye huamka macho yamevimba, na ikifika jioni uvimbe umeshuka miguuni. Anauliza ampake nini. Mama, usimpake kitu. Huo uvimbe unaweza kuwa wa figo, na mafuta hayatausaidia. Angalia kama mkojo wake una povu, na hata kama hauna, kesho asubuhi umpeleke kituo cha afya. Wakikuambia ni mzio kabla hawajapima mkojo, kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka waupime.