Damu Moja, Nchi Mbili

Ndugu zangu, hamjambo. Kuna kauli mbili zinazonichosha kila ninapozisikia. Moja ni "sukari ni ya ukoo wetu, tutafanyaje". Nyingine ni ya kumsuta mgonjwa: "umejitakia." Naomba tuzipime zote mbili kwa habari za Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika. Nazungumzia kisukari cha aina ya pili tu. Aina ya kwanza ina kesi yake.

Wapima wengine wako Arizona, Marekani. Wengine wako Maycoba, huko milimani katika jimbo la Sonora, Meksiko. Asili yao ni moja na vinasaba vyao vinakaribiana sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha watu wazima wa pande zote mbili. Arizona, 38 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Maycoba hawakufika hata 7.

Maycoba watu walikuwa bado wanalima kwa nguvu zao, wakila maharage, mahindi na viazi. Na Arizona je? Msidhani watu waliamka siku moja wakawa wavivu! Walikuwa wakulima hodari wa kumwagilia. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, walowezi waliokaa upande wa juu wa mto Gila wakachepusha maji yake. Mashamba yakakauka. Baadaye ukaja mgao wa serikali: unga mweupe, sukari, mafuta ya nguruwe. Hayo nayo ni mazingira, na mgonjwa hakuyachagua.

Jeni, yaani vinasaba, nazo zina kazi yake. Mwaka huohuo wa 2006 watafiti wa Iceland walitangaza jeni iitwayo TCF7L2. Ukirithi aina yake ya hatari, kongosho hulegea kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, baada ya mlo. Ukiirithi kwa baba na kwa mama, hatari yako huwa zaidi ya maradufu ya asiye nayo. Hatari, nasema, si hukumu.

Marekani walifuatilia watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja lilifundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Waliougua walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Walipopimwa TCF7L2, hata walioirithi pande zote mbili walinufaika.

Haya, maswali. Mama wa pale nyuma, karibu uanze.