Kuchora na Kupachika Vigae vya Benjarong Ukutani

Karibuni tena, watazamaji wapendwa. Leo tupo Don Kai Dee, kijiji cha wilaya ya Krathum Baen, mkoa wa Samut Sakhon nchini Thailand, ambako uchoraji wa benjarong, yaani vyombo vya kauri vya Kithai vyenye rangi nyingi, ni kazi ya nyumba nyingi na ndiko nilikojifunzia. Jina hilo maana yake ni rangi tano. Enzi za Ayutthaya, ufalme wa zamani wa Siam (Thailand ya leo), vyombo hivi vilitengenezwa China kwa kufuata michoro iliyotoka kwa wafalme wa Siam, na katika utawala wa Mfalme Rama wa Pili, kati ya 1809 na 1824, ukashamiri mtindo wa lai nam thong, ambao umejaa dhahabu. Mimi ninavipenda mno hata sitaki kuona vikiishia kabatini, ndiyo maana ninachora na kuuza vigae vya ukutani. Hivi ni 40, kila kimoja sentimita 20 kwa 20, kwa ajili ya ukuta wa mapokezi wa hoteli.

Futeni vigae vyeupe vya kauri kwa spiriti, kisha msiviguse usoni tena. Chora miraba kwa penseli, na nyuma ya kila kigae andika namba yake.

Sasa tunaingia kwenye dhahabu ya maji. Ninatumia mchoro wa phum khao bin, wenye umbo la tumba la yungiyungi, kwa sababu hujirudia vizuri kwenye eneo pana. Wateja wengine huomba thep phanom, yaani malaika aliyeunganisha viganja kifuani, nami hukubali iwapo tu atawekwa juu, kwa kuwa kwa Wathai ni utovu wa heshima kuweka sura takatifu karibu na miguu ya watu. Dhahabu hii mnaiona ya kahawia iliyokolea. Msiogope, itang'aa ikishachomwa. Acheni milimita tano kila ukingo bila dhahabu. Narudia, milimita tano, na sababu yake mtaiona tutakapofika ukutani.

Mistari ikikauka, jazeni rangi ya enameli isiyo na risasi kwa ncha ya brashi, tone moja baada ya jingine, mpaka rangi iinuke kidogo juu ya kigae. Ukipitisha kidole baada ya kuchoma, unapaswa kuusikia mchoro.

Tanuri yangu ya umeme naipandisha hadi nyuzi joto 800 hivi za sentigredi, kisha naiacha ipoe yenyewe. Hebu nisogeze kamera hapa: kigae namba 17 kina malengelenge kwenye dhahabu. Inatokea pale dhahabu inapopakwa nene. Nitakichora upya, kwa hiyo tuendelee na vingine 39 na nafasi yake tuiache wazi.

Gundi ya vigae, mwiko wenye meno, pimamaji: haya mnayajua, sitakawia kwayo. Hatua ngumu ni kujaza viungo. Enameli na dhahabu ya benjarong hukaa juu ya glezi, yaani tabaka linalong'aa la kigae, hazikuzama ndani yake, kwa hiyo saruji nyeupe ikikauka na kufutwa kwa kitambaa hukwangua dhahabu kama msasa. Ukuta wangu wa kwanza niliupoteza hivyo: nilifuta kwa juhudi jioni nzima, na asubuhi mistari ya majuma mengi ilikuwa imefifia. Kwa hiyo, kabla ya saruji kugusa kiungo chochote, funikeni mchoro wote kwa utepe wa karatasi, nanyi mtaelewa kwa nini niliwataka muache ukingo, kwani utepe unahitaji mahali pa kushika pasipo na dhahabu. Hata kiungo kimoja kidogo msikijaze bila utepe. Ninasisitiza kwa sababu kosa hili halirekebishiki kigae kikiwa ukutani.

Mnara wa Wat Arun kule Bangkok umepambwa kwa vipande vya kauri za Kichina na makombe ya baharini, na watazamaji wa Pwani mnayo makaburi ya nguzo ya Kunduchi, ambayo nayo yalipachikwa bakuli za Kichina. Kauri kukaa ukutani, basi, ni jambo la zamani; kwetu kilicho kigeni ni dhahabu hii laini kukaa kando ya saruji. Ndiyo sababu pia sikubali kazi ya sakafuni, wala ya jikoni nyuma ya jiko, ambako watu husugua kila siku.

Saruji imeshika. Bandueni utepe polepole, mkiuvuta kuelekea katikati ya kigae, na masalio yafuteni kwa sifongo yenye maji safi, pembeni tu. Taa iwekeni ubavuni mwa ukuta, kwa kuwa ikimulika kutoka mbele, kama hii yangu ya kamera, huimeza dhahabu yote. Naizima. Tazameni sasa namna matone ya enameli yanavyotoa vivuli vidogo. Kigae namba 17 kitaingia kesho kutwa, na vipimo pamoja na bei nimeviandika chini ya video.