Mpira Uliojitenga na Mguu: Mhadhara kuhusu Gemu za Soka

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumze kuhusu mabadiliko ya gemu za soka tangu zilipoanza hadi leo, na kwa kuwa wengi wenu mnaokaa Ng'ong'ona, Chang'ombe na Majengo hapa Dodoma mmeshika pedi za gemu miaka mingi kabla ya kuingia chuoni, sitawachosha kwa kuwaeleza namna ya kupiga krosi. Ninalotaka kulitetea mchana huu ni kwamba gemu hizi zimekua kwa njia mbili, moja ikiwa ni ya mpira wenyewe na nyingine ikiwa ni ya majina, na kwamba kwa muda sasa njia ya majina ndiyo inayoamua mambo. Uzuri wa picha, ambao ndio watu hupenda kuutaja kwanza, naona ni jambo la pembeni.

Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa gemu ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Pelé. Mashine iliyoiendesha ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128 tu, kiasi kisichotosha hata kuhifadhi sentensi moja ndefu ya mhadhara huu, na kwa sababu hiyo kila timu ilikuwa na wachezaji watatu waliokimbia pamoja kwa umbo la pembetatu, pamoja na kipa wao. Hakuna aliyeweza kumtambua Pelé katika vipande vile vya rangi, lakini jina lake lilikuwa juu ya boksi, na boksi ndilo lililouzwa.

Katika nyingi ya gemu za miaka iliyofuata, mpira uliganda mguuni. Mchezaji akishaupata, alikwenda nao popote alipoelekezwa, akageuka nao ghafla bila kuupoteza, na njia pekee ya kumnyang'anya ilikuwa kumgonga. Aliyevunja utaratibu huo ni mtengenezaji wa gemu Dino Dini, katika gemu ya Kick Off ya mwaka 1989. Yeye aliufanya mpira kuwa kitu kinachojitegemea, chenye mwendo wake, ambacho mchezaji hukisukuma mbele kisha hukikimbilia, na akichelewa kugeuka mpira huenda zake. Wengi walioijaribu kwa mara ya kwanza waliiona ngumu kupita kiasi, na walikuwa na haki, lakini kuanzia hapo chenga ikawa ni ujuzi, kutuliza mpira kukawa ni ujuzi, na pasi mbovu ikawa ni kosa la mchezaji wala si la mashine. Sensible Soccer ya mwaka 1992 ililainisha wazo hilo kwa wachezaji wadogo mithili ya sisimizi na uwanja ulioonekana kwa upana, hivyo mtu akaweza kumwona mwenzake aliye mbali kabla ya kumpasia. Kwa maoni yangu, mengi yaliyofuata katika uchezaji wenyewe ni maendelezo ya wazo lile la 1989.

Mwisho wa mwaka 1993 kampuni ya EA ilileta FIFA International Soccer, ikiwa na picha iliyotazamwa kwa mshazari kutoka jukwaani, karibu na vile tunavyoutazama mpira kwenye luninga. Timu zilikuwa za mataifa halisi, ila majina ya wachezaji yalikuwa ya kubuni. Miaka miwili baadaye, katika toleo la 96, EA ilipata leseni kupitia FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, na majina halisi yakaingia. Konami ya Japani, iliyoanza Winning Eleven mwaka 1995, ilishikilia zaidi njia ya mpira: mchezaji mzito aligeuka kwa shida, mwepesi alimponyoka, na aliyepiga kwa mguu wake dhaifu aliadhibiwa. Hata ilipofika Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006, jina ambalo Winning Eleven iliuzwa nalo Ulaya, Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea iliitwa London FC, kwa sababu leseni zao hazikuwepo.

Hapa nchini jambo hilo halikumzuia mtu. Katika vibanda vya gemu, ambako hulipi kuimiliki mashine bali hulipia mechi, anayefungwa akainuka na anayefuata akaketi, Winning Eleven ilipendwa kwa sababu ilimtofautisha anayejua na asiyejua. Majina yalirekebishwa kwa mkono, herufi baada ya herufi, na kuhifadhiwa kwenye memori kadi ambayo mwenye kibanda aliilinda kuliko hata luninga.

Leseni, hata hivyo, ina matokeo yanayotugusa kwa namna nyingine. Mbwana Samatta alionekana katika gemu ya FIFA kwa sababu alichezea Genk, na ligi ya Ubelgiji ilikuwa na mkataba na EA. Mlango wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa, haukuwepo. Afrika Kusini ilipata nafasi ndogo kupitia Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, zilizoingizwa kwa miaka kadhaa. Toleo la FC 24, ambalo ni gemu hiyohiyo ya EA kwa jina jipya, lilitangazwa kuwa na wachezaji zaidi ya 19,000, lakini Ligi Kuu yetu haimo, na kwa hiyo Dodoma Jiji haimo, wala Simba na Yanga hazimo.

Thamani ya majina ilidhihirika zaidi mwaka 2009, EA ilipoanzisha Ultimate Team, ambamo mchezaji wa soka ni kadi inayotoka katika pakiti, nawe hujui utapata nani mpaka umeifungua. Mamlaka za Ubelgiji ziliona mwaka 2018 kwamba pakiti za kulipia ni kamari, na mwezi Januari 2019 EA ikaacha kuwauzia watu wa huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Naunga mkono uamuzi huo, hasa kwa kuwa wachezaji wengi ni watoto.

Mwaka 2023 EA iliachana na jina la FIFA baada ya mazungumzo ya mkataba kushindikana, na gemu ikaendelea na ligi zilezile na nyota walewale, kwa kuwa leseni hizo zilikuwa na mikataba yake. Konami nayo ilikuwa imekwisha kubadili Pro Evolution Soccer kuwa eFootball mwaka 2021, ikaitoa bure, na sehemu kubwa ya vijana wetu huicheza kwenye simu.

Simu hizohizo ndizo zenye Dream League Soccer, inayomruhusu mtu kuunda klabu yake, kuipa jina na kuiwekea jezi kwa kubandika kiungo cha picha. Jezi za Simba na Yanga zilizotengenezwa na mashabiki zinasambazwa mtandaoni, na anayetaka kuivika klabu yake jezi ya Dodoma Jiji anaweza kufanya hivyo jioni ya leo. Wachezaji watakaoivaa, hata hivyo, watatoka katika orodha ya FIFPRO, kwa hiyo namba tisa wa Dodoma Jiji atakuwa mshambuliaji wa Ulaya ambaye hajawahi kuuona Uwanja wa Jamhuri, wakati namba tisa halisi, anayefanya mazoezi kilomita chache kutoka ukumbi huu, hamo katika orodha yoyote.