Usimwage Machicha

Asanteni, karibuni mkae. Nimeombwa nizungumzie vinywaji vya nyumbani na ubunifu jikoni, na naona wengine mmeshafungua madaftari mkisubiri vipimo. Vitakuwepo, lakini vichache. Leo nataka tujue kila kitu kinafanya kazi gani kikishaingia kwenye jagi. Ukilijua hilo, hutahitaji kuulizia maelekezo mapya kila unapobadilisha tunda.

Tuanze na tangawizi, maana ina vituko vingi. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Ukiichemsha kwa muda, sehemu yake hugeuka zinjeroni, ambayo ni pole na ina harufu tamu. Tangawizi ikikaushwa, jinjeroli hugeuka shogaoli, na hiyo ni kali kuliko ile ya mwanzo. Kwa hiyo anayetaka juisi ya kuwasha koo asage mbichi, achuje, asiipeleke motoni kabisa. Anayetaka kitu tulivu cha kunywa kabla ya kulala achemshe. Na juisi hiyo ikitulia, mtaona tope jeupe chini ya jagi. Msiimwage mkidhani imeharibika! Ni wanga wa tangawizi umezama. Mimina taratibu uuache chini.

Sasa maziwa. Wangapi hapa chai ya maziwa imewakatikia kwa sababu ya tangawizi? Naona mikono. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, na kikikutana na maziwa yenye joto la wastani huyagandisha. Chemsha kwanza tangawizi na maji mpaka yatokote vizuri, ndipo utie maziwa. Moto unakuwa umeshakiua kimeng'enya. Nanasi nalo lina kimeng'enya cha tabia hiyo, bromelaini, na papai lina papaini. Ukisaga nanasi ambalo halijapikwa pamoja na maziwa, ukanywa papo hapo, utafurahi. Ukiweka kwenye friji ukakirudia baadaye, utakuta kinywaji kimekuwa kichungu. Ama kinywewe mara moja, ama nanasi lipitishwe motoni kwanza. Na kama ulipanga kutengeneza jeli ya nanasi kwa jelatini, bila kulipika haitashika.

Niende kwenye limau, kwa sababu hapo ndipo uwiano unapoonekana wazi. Kianzio changu ni sehemu 1 ya maji ya limau, sehemu 1 ya shira na sehemu 4 za maji. Shira ni sukari na maji kwa kiasi sawa, yakipashwa moto mpaka sukari iyeyuke. Kwa nini usitie sukari moja kwa moja? Kwa sababu kwenye maji baridi huyeyuka polepole, nyingine ikabaki chini, kisha wewe unaendelea kuongeza. Pia ubaridi hufubaza utamu ulimini, hivyo onja kinywaji kikiwa na ubaridi uleule utakaokinywea. Kikiwa na uchungu kidogo, jaribu chembe chache za chumvi kabla ya kukimbilia sukari. Chumvi huupunguza uchungu. Maganda msitupe. Kwangua ile ngozi ya njano peke yake, uisugue na sukari kwa vidole, uiache nusu saa. Mafuta yenye harufu yatahamia kwenye sukari, na shira yake itakuwa na harufu ambayo maji ya limau peke yake hayana. Ile nyama nyeupe iliyo chini ya ngozi ni chungu, iacheni.

Kuhusu sukari yenyewe niseme jambo moja tu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni kama gramu 50, vijiko vya chai 12 hivi. Sikilizeni vizuri: juisi imehesabiwa humo, hata kama hukutia punje ya sukari. Tunda zima ni habari nyingine, kwa sababu lina nyuzinyuzi zake. Sisi tunapochuja, sehemu kubwa ya hizo hubaki kwenye chujio, halafu tunazimwaga.

Mimi simwagi. Machicha ya tangawizi yanaingia kwenye keki, biskuti au supu ya mboga. Machicha ya karoti yachanganye na mayai ukaange, au yatie kwenye mchuzi uwe mzito. Machicha ya nanasi ninayapenda kuliko yote: yapake kwenye nyama ngumu, maana kile kimeng'enya kilichokukera kwenye maziwa sasa kinakulainishia nyama. Lakini iwe nusu saa, sana sana saa 1. Ukiyaacha usiku kucha, juu nyama itakuwa uji. Yakibaki, yapike na sukari na limau mpaka yashike, upate jemu. Shira iliyozidi ipake kwenye kuku wa kuoka, dakika 10 za mwisho tu. Mapema kuliko hapo sukari inaungua.

Wapenda vinywaji vya gesi nao niwaambie haraka. Hamira ikitiwa kwenye kinywaji hula sukari ikatoa kabonidayoksaidi, ndiyo hiyo gesi, pamoja na kileo kidogo. Chupa ya kioo iliyofungwa kabisa inaweza kupasuka, kwa hiyo tumieni ya plastiki. Ikiwa ngumu ukiibinya, iwekeni kwenye friji. Ubaridi hupunguza kasi ya hamira, hauizuii kabisa. Na anayetumia asali badala ya sukari asimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1, kuna hatari ya botulizimu, ugonjwa mkali unaotokana na sumu ya bakteria.

Swali la barafu naliona linakuja, nilijibu kabisa. Barafu ya maji huzimua kinywaji. Gandisheni juisi yenyewe kwenye vile vibao vya barafu, na machicha mnayoyahifadhi yagandisheni hivyohivyo, kipande kimoja kinatosha supu ya watu wawili. Haya, maswali mengine.