Sauti isiyosikika ila imeacha alama

Haya jamani, leo ni fonolojia, yaani jinsi lugha inavyozipanga sauti zake, na kabla sijaandika chochote ubaoni naomba mtamke pamoja nami cats, halafu dogs, halafu horses. Mmesikia? Kwenye maandishi wingi ni herufi ileile s, lakini mdomoni ni vitu vitatu: cats inaishia na s kweli, dogs inaishia na z, na horses inaingiza irabu katikati maana s mbili zikifuatana zingemezana. T ni sauti sighuna, yaani koo halitetemeki ukiitamka, kwa hiyo s inabaki sighuna, g ni ghuna, yaani koo linatetemeka, inaivuta s nayo inaghunika, basi. Na hakuna mzazi anayemkalisha mtoto chini amfundishe hilo. Mwaka 1958 mwanaisimu Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni akakiita wug, akawauliza vikiwa viwili vinaitwaje, na wengi wakasema wugs kwa z, neno ambalo hawajawahi kulisikia maishani. Kwa hiyo walichonacho kichwani ni kanuni, sio orodha tu ya maneno waliyokariri.

Na sisi tunayo ya kwetu, ulimi mmoja lakini ndimi nyingi, ile l imekuwa d kwa sababu ya n iliyotangulia, na tunaifanya kila siku bila kufikiria.

Sasa 1968 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle wakatoa kitabu chao kikubwa cha sauti za Kiingereza, na wazo lenyewe ukilishika umeshika kila kitu: neno lina umbo la ndani, na kanuni zinalipitia moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, mpaka litoke mdomoni. Huo mpangilio ndo naupenda kuliko yote. Chukueni writer na rider, kwa matamshi ya watu wengi wa Kanada. Katikati ya irabu, t na d zote zinakuwa mguso mmoja wa haraka wa ulimi kwenye ufizi, yaani tofauti yao imekufa kabisa, lakini irabu hazifanani! Ile ai ya writer inaanzia juu zaidi mdomoni kuliko ya rider. Kwa nini? Kwa sababu t, ikiwa bado sighuna, iliipandisha irabu iliyo kabla yake, kisha ndo ikageuka kuwa ule mguso. Aliyesababisha kaondoka, nyayo zimebaki. Geuza mpangilio, mguso utangulie, na maneno yote mawili yatatoka sawasawa. Mwanaisimu Martin Joos alishaliandika jambo hili 1942, na alikuta wapo wanaotenganisha irabu hizo na wapo wasiotenganisha, yaani kanuni ni zilezile ila kila kundi lina foleni yake.

Ila kuna mahali mi nawakatalia Chomsky na Halle. Divine ikiwa divinity irabu inafupika, serene ikiwa serenity vilevile, maana zimefuata silabi mbili nyuma yake. Sasa nightingale nayo ina silabi mbili nyuma na bado irabu yake ya kwanza haifupiki, ni ai palepale. Wao wakasema ndani ya neno hilo kuna sauti ya kukwaruza kooni, kama kh ya Kiarabu, inayoirefusha irabu baada ya zamu ya ufupishaji kupita, halafu inafutika kabla haijatamkwa. Kihistoria ni kweli sauti hiyo ilikuwepo, ndio maana gh iko kwenye maandishi mpaka leo, lakini mtoto anayejifunza Kiingereza cha sasa hajaisikia hata mara moja, ataijuaje? Kwenye wug mtoto ana ushahidi masikioni, kwenye nightingale hana kitu, na kwangu hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Mwanaisimu Paul Kiparsky aliliuliza swali hilo mwaka huohuo wa 1968, fonolojia iende mbali kiasi gani na kinachosikika, na alikuwa na haki ya kuuliza.

1993 Alan Prince na Paul Smolensky wakaja na njia nyingine: foleni ya kanuni hakuna, kuna masharti yanayoshindana na lenye cheo cha juu zaidi linashinda, kwa mkupuo mmoja. Kwa mkazo na silabi inafanya kazi vizuri sana. Lakini rudini kwa writer: kama kila kitu kinaamuliwa mara moja na t haisikiki tena, nani aliyeipandisha ile irabu? Hapo ndipo wanaoifuata njia hiyo wanapong'ang'ana mpaka sasa, na hapo ndipo nataka tuanzie maswali yenu.